Somo la Saba: Kuchagua Baiskeli ya Milimani Yenye Shokapu Mbele na Nyuma

Somo hili linamhusu mlaji anayekusudia kununua baiskeli moja itakayomfaa katika njia za aina nyingi: barabara ya vumbi, njia nyembamba ya msituni, mteremko wenye mawe na mizizi, na kilima kirefu cha kurudi nyumbani. Baiskeli ya namna hiyo ina shokapu kwenye uma wa mbele na nyingine katikati ya fremu kwa ajili ya gurudumu la nyuma. Huivutia jamii pana ya wanunuzi: vijana wapenda michezo, waongoza watalii wa Usambara na Uluguru, na watu wazima waliochoshwa na mtikisiko wa njia mbovu.

Bei yake ni kubwa. Baiskeli mpya ya kweli ya aina hii, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, kwa kawaida huzidi dola 1,000 za Marekani hata katika nchi zinakouzwa kwa wingi, kabla ya nauli, ushuru na kodi. Kwa kaya nyingi hiyo ni akiba ya muda mrefu. Aidha, ni chombo kinachombeba mtu kwa kasi katika mteremko, na hivyo kasoro yake haimpotezei mnunuzi fedha tu. Yaweza kumvunja mkono au shingo.

Kwa sababu hizo tunaweka mbele ya msomaji kanuni moja ambayo somo zima litaifafanua: nunua baiskeli inayokutosha mwili, inayolingana na njia unazopita kweli, na ambayo unaweza kuitunza mahali unapoishi. Sharti moja likikosekana, ubora wa mengine hautakusaidia.

1. Je, unahitaji shokapu ya nyuma?

Swali hili litangulie yote, kwa kuwa jibu lake laweza kukuokolea fedha nyingi. Shokapu ya nyuma hulifanya tairi la nyuma lifuate mawe na mashimo bila kuruka. Tairi likibaki ardhini, breki hushika, na nguvu ya miguu haipotei unapopanda mahali penye mawe. Vilevile hupunguza uchovu wa mgongo na miguu katika safari ya saa nyingi.

Manufaa hayo yana gharama. Fremu ya nyuma huwa na viungo kadhaa, kila kimoja kikiwa na beringi au bushi zinazochakaa. Uzito huongezeka. Fundi wa kawaida, aliye hodari wa spoki na minyororo, huenda hajapata kufungua shokapu hata mara moja. Baiskeli yenye shokapu mbele pekee huwa nyepesi zaidi kwa bei ileile, na fedha iliyookolewa huweza kununua breki na magurudumu bora.

Tunashauri hivi: ikiwa sehemu kubwa ya safari zako ni lami, barabara za changarawe na vumbi la kawaida, chagua yenye shokapu mbele pekee. Ikiwa kila wiki unashuka njia za mawe, mizizi na makorongo, yenye shokapu mbili itakulipa. Na ikiwa unataka chombo cha kubebea mizigo au abiria, usinunue kabisa aina hii. Nyingi hazina matundu ya kufungia kabati la nyuma, na fremu yake haikusanifiwa kubeba gunia.

2. Shokapu ya kweli na chemchemi ya pambo

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni zipo baiskeli za chuma, nzito, zenye rangi za kuvutia na chemchemi kubwa katikati ya fremu, zinazouzwa kwa bei ndogo na kuitwa za milimani. Nyingi kati ya hizo zina sura ya milimani bila kuwa na uwezo wake. Baadhi hata huja na kijitabu au kibandiko kinachomkataza mwenye nayo kuiendesha nje ya barabara. Soma maandishi hayo kabla ya kulipa.

Shokapu kamili ina sehemu mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni chemchemi, iwe ya chuma au ya hewa iliyoshindiliwa, inayopokea kishindo. Ya pili ni mafuta yanayopita katika vitundu vidogo ndani ya silinda, yakizuia chemchemi isibonyee wala isirudi kwa kasi isiyotakiwa. Chemchemi isiyo na mafuta hukurusha kila unapopita shimo, na hunesa kila unapokanyaga pedeli, ikimeza nguvu ambayo ingekusukuma mbele.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji chombo chochote. Bonyeza tandiko kwa uzito wa mwili wako, kisha achia ghafla. Shokapu ya kweli hurudi juu mara moja na kutulia. Chemchemi tupu hurudi kwa kishindo, hupita kiasi, na huenda ikanesa mara mbili au tatu. Tazama pia kama kuna kitufe cha kuzungusha cha kurekebisha kasi ya mrejeo, ambacho mara nyingi huwa chekundu, na kama jina na modeli ya shokapu vimeandikwa juu yake. Shokapu isiyo na jina haina kitabu cha maelekezo wala vipuri vya kuagiza.

Uzito nao ni ushahidi. Baiskeli ya aluminiamu ya aina tunayoizungumzia mara nyingi huwa kati ya kilo 14 na 16. Ukiinyanyua na kuhisi imekuelemea kupita kiasi, omba mizani.

3. Masafa ya shokapu

Masafa ni umbali ambao gurudumu laweza kupanda na kushuka shokapu inapofanya kazi, na hupimwa kwa milimita. Hiyo ndiyo nambari ya kwanza ya kumuuliza muuzaji, kwa kuwa hueleza baiskeli ilikusudiwa kwa kazi gani.

Zenye masafa ya milimita 100 hadi 120 hutengenezwa kwa mbio za nyika: ni nyepesi, hupanda vizuri, lakini huhitaji ustadi katika mteremko mkali. Zenye milimita 120 hadi 150 ndizo za njia mchanganyiko, na ndizo zinazolengwa na somo hili. Zenye milimita 150 hadi 180 ni za miteremko migumu, na zenye takriban milimita 200 ni za kushuka tu, ambazo mwenye nazo hupandishwa mlimani kwa gari.

Wanunuzi wengi hudhani kuwa masafa makubwa ni ubora mkubwa. Dhana hiyo inapotosha. Kila milimita ya ziada huongeza uzito na kuifanya baiskeli iwe nzito wa mwitikio katika njia tambarare na vilima. Kwa mtu anayepanda mwenyewe kila kilima anachokishuka, masafa ya nyuma ya milimita 120 hadi 140 yanatosha takriban kila mahali.

Watengenezaji wengi hupanga pia baiskeli zao katika madaraja ya matumizi, kuanzia 1 hadi 5, na kuandika daraja hilo kwenye kitabu au kibandiko cha fremu. Katika utaratibu unaotumiwa sana, daraja la 3 ni la njia mbovu zenye maporomoko yasiyozidi sentimita 61, na daraja la 4 ni la maporomoko yasiyozidi sentimita 122. Kwa njia za mawe na mizizi usikubali iliyo chini ya daraja la 3. Ukivuka mpaka wa daraja la baiskeli yako na fremu ikavunjika, dhamana ya mtengenezaji nayo huweza kuwa imevunjika.

4. Kipimo cha mwili

Baiskeli bora isiyokutosha ni baiskeli mbaya. Herufi S, M na L hazina maana moja kwa watengenezaji wote. M ya mmoja yaweza kulingana na L ya mwingine. Tafuta jedwali la vipimo la modeli husika, ulinganishe na urefu wako.

Kisha ifanyie majaribio matatu. Kwanza, simama ukiwa umeipitisha fremu kati ya miguu, nyayo zote zikiwa chini. Pawepo nafasi ya sentimita kadhaa kati yako na bomba la juu. Pili, keti, uweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke karibu kabisa bila nyonga kuinama upande. Tatu, simama juu ya pedeli zote mbili zikiwa sawa, kana kwamba unashuka mlima. Viwiko vikunjike kidogo, na magoti yasiguse usukani unapokata kona.

Muuzaji asiye na kipimo chako huenda akakwambia kwamba utazoea. Mwili huzoea tandiko gumu. Hauzoei fremu iliyo ndefu kupita mikono yako. Watu wafupi, ambao mara nyingi huuziwa fremu kubwa kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani, wawe wagumu zaidi katika jambo hili.

5. Magurudumu na matairi

Magurudumu ya baiskeli za milimani huuzwa kwa ukubwa wa inchi 26, 27.5 na 29. La 29 hupita juu ya mawe na mashimo kwa urahisi zaidi na ndilo limeenea katika baiskeli mpya za watu wazima. La 27.5 hugeuka upesi, na baadhi ya watengenezaji huliweka kwenye fremu ndogo. La 26 ni la miaka iliyopita. Hupatikana zaidi katika baiskeli za mtumba.

Hapa kuna mtego ambao umewagharimu wengi. Inchi za baiskeli hazisemi kweli. Gurudumu la inchi 28 la baiskeli kubwa nyeusi za mizigo, zile ambazo wengi wetu tunaziita Phoenix, kwa kawaida lina rimu ya kipenyo cha milimita 635. Lile la inchi 29 la milimani lina rimu ya milimita 622. Kwa hiyo tairi la 28 la duka la kijijini halitakaa kwenye rimu yako ya 29, ingawa nambari yake ni ndogo. Jifunze kusoma nambari ya milimita iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 622 kwa inchi 29, 584 kwa inchi 27.5, na 559 kwa inchi 26. Nambari inayotangulia, kwa mfano 57 katika 57-622, ni upana wa tairi.

Kwa njia mchanganyiko, upana wa inchi 2.3 hadi 2.5 unafaa. Katika udongo mwekundu wa milimani wakati wa masika, tairi lenye meno marefu yaliyoachana hujisafisha. Lenye meno mafupi yaliyosongamana hujaa tope na kuteleza.

Kwa nchi ya miiba kama yetu, tunapendekeza rimu na matairi yasiyohitaji tyubu, ambayo hutiwa maji mazito ya kuziba. Mwiba ukipenya, maji hayo huziba tundu wakati gurudumu likizunguka. Kasoro yake ni kwamba hukauka, na joto huyakausha mapema zaidi. Yaongezwe kila baada ya miezi michache. Upepo nao usizidi. Mtu wa kilo 75 hadi 80 mwenye matairi mapana yasiyo na tyubu huhitaji takriban psi 22 hadi 28. Kijana wa pampu ya barabarani aliyezoea kujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe atakuondolea mshiko wote unaoulipia.

6. Breki, gia na nguzo ya kiti

Breki ziwe za diski na zisukumwe kwa mafuta. Diski ya mbele ya milimita 180 inatosha wengi; mtu mzito au anayeshuka milima mirefu atafute ya milimita 200 au 203. Uliza breki hutumia mafuta gani. Baadhi hutumia mafuta ya DOT, yanayopatikana hata katika maduka ya vipuri vya magari. Nyingine hutumia mafuta ya madini yaliyotengenezwa mahsusi. Aina hizi mbili hazibadilishani hata siku moja. Mafuta yasiyostahili huharibu mipira ya ndani, na breki iliyoharibika hivyo hugundulika katikati ya mteremko.

Gia za kisasa huwa na gurudumu moja la meno mbele na 10 hadi 12 nyuma. Mpangilio huo hupunguza vitu vya kuharibika. Hata hivyo, duka la kawaida huweka zaidi minyororo ya gia 6 hadi 8, ambayo haifai kwenye mfumo wa gia 12. Kabla ya kununua, piga simu au tembelea maduka mawili ya mjini kwako na uulize kama mnyororo na meno ya nyuma ya mfumo huo hupatikana. Kama havipatikani, mfumo wa gia 9 au 10 utakutumikia vizuri zaidi kuliko ule wa 12 uliosimama ukisubiri kipuri.

Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani si anasa. Kiti kikishuka, mwili huweza kurudi nyuma katika mteremko, na hatari ya kutupwa mbele hupungua. Kama fedha haitoshi kwa kila kitu, kitu hiki na breki nzuri vitangulie mbele ya rangi na jina la fremu.

7. Gharama za utunzaji

Wanunuzi wengi hupanga fedha ya kununua na kusahau ya kutunza. Shokapu ina mafuta na mipira inayochakaa. Watengenezaji wengi huelekeza kwamba sehemu ya chini ya uma wa mbele isafishwe na kubadilishwa mafuta kila baada ya takriban saa 50 za kuendesha, na kwamba huduma kamili ifanywe kila mwaka au baada ya saa 100 hadi 200, kulingana na modeli. Mtu anayeendesha saa 5 kwa wiki hufikisha saa 50 katika wiki 10. Vumbi letu halirefushi muda huo, huufupisha. Shokapu iliyokosa huduma hukwaruza bomba zake, na bomba lililokwaruzwa huvujisha mafuta hadi libadilishwe.

Kwa hiyo tunashauri utenge takriban sehemu moja ya tano ya fungu lako nje ya bei ya baiskeli. Tuseme una shilingi milioni 5. Tafuta baiskeli isiyozidi milioni 4, na milioni 1 iliyobaki igharimie kofia ngumu, pampu ya shokapu, maji ya kuziba, pedi za breki, mnyororo wa akiba na huduma ya kwanza. Kofia iwe na alama ya kiwango kinachotambulika, kama EN 1078 cha Ulaya.

Pampu ya shokapu inahitaji neno la pekee. Shokapu ya hewa hubeba shinikizo kubwa, aghalabu zaidi ya psi 150 kwa ile ya nyuma, katika nafasi ndogo sana. Kompresa ya kituo cha mafuta haifai na ni hatari. Pampu yake ni ndogo, ya mkono, yenye kipimo.

Ukiipata, rekebisha shokapu kwa uzito wako. Ukiwa umeketi na mavazi yako ya safari, shokapu ya nyuma ibonyee kwa takriban asilimia 25 hadi 30 ya urefu wa mbonyeo wake, na uma wa mbele kwa takriban asilimia 20. Kwa mfano, shokapu ya nyuma yenye mbonyeo wa milimita 55 ibonyee milimita 16 hivi. Uma wa milimita 140 ubonyee milimita 28. Ikibonyea zaidi, ongeza hewa. Ikibonyea pungufu, punguza. Baiskeli ya bei kubwa isiyorekebishwa hivi haina faida juu ya ile ya bei ndogo.

Usioshe viungo na beringi kwa mashine ya kuoshea magari, kwa kuwa maji yenye nguvu husukuma grisi nje na mchanga ndani. Ndoo, sabuni laini na brashi vinatosha. Wakazi wa pwani waifute baiskeli kwa maji baridi baada ya safari, kwa sababu chumvi ya bahari hula bolti na beringi.

8. Ukinunua ya mtumba

Kwa wengi wetu, mtumba ndiyo njia pekee ya kufikia baiskeli ya kweli ya aina hii. Si njia mbaya, ila hudai macho makali. Ikague mchana, ikiwa imeoshwa, na kwa utaratibu ufuatao.

*Fremu.* Pitisha kidole na macho chini ya bomba la chini, mahali linapoungana na kichwa cha usukani, kuzunguka kila kiungo, na chini ya tandiko. Ufa wa aluminiamu huanza kama unywele mweusi juu ya rangi. Kibandiko kipya mahali pasipostahili kibandiko kiondolewe kwanza. Fremu yenye ufa haichomelewi na kurudishwa mlimani. Iache, hata iwe bei gani.

*Viungo.* Shika tandiko, unyanyue gurudumu la nyuma kidogo sana, polepole, mara kadhaa. Ukihisi mgongano mdogo kabla gurudumu halijaondoka ardhini, bushi au beringi zimekwisha. Hilo laweza kurekebishwa, lakini bei ishuke kwa kiasi cha gharama yake.

*Shokapu.* Bomba zinazong'aa ziwe laini bila mikwaruzo, na pasiwe na mafuta yanayotiririka. Andika vipimo vya shokapu ya nyuma: urefu kutoka tundu hadi tundu, na urefu wa mbonyeo. Shokapu za zamani na za sasa hutofautiana vipimo, na ile ya milimita 200 kwa 57 haichukui nafasi ya ile ya 210 kwa 55. Baiskeli ya zamani ya inchi 26 yenye shokapu iliyokufa mara nyingi hubaki pambo la ukuta.

*Breki, magurudumu na mnyororo.* Mkono wa breki uwe mgumu na usifike kwenye usukani. Gurudumu likizungushwa lisiyumbe. Mnyororo upimwe kwa kipimo chake. Uliochakaa sana huwa umekwisha kula meno, na vyote hubadilishwa pamoja.

*Nambari ya fremu.* Kwa kawaida huwa chini ya mahali krenki zinapopita. Ikiwa imekwanguliwa, acha biashara hiyo papo hapo. Mnunuzi wa mali ya wizi huweza kupoteza mali pamoja na fedha, na kuitwa kituoni kujieleza.

Kumbuka pia kwamba dhamana ya fremu, hata ile inayotangazwa kuwa ya maisha, kwa watengenezaji wengi ni ya mnunuzi wa kwanza pekee.

9. Risiti, dhamana na haki zako

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au asili ya bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo pamoja na yale ya bidhaa bandia. Zanzibar ina sheria na chombo chake. Haki hizo, hata hivyo, husimama juu ya ushahidi, na ushahidi wa mlaji ni karatasi.

Dai risiti ya mashine ya EFD. Mwombe muuzaji aandike jina la mtengenezaji, modeli, mwaka, ukubwa wa fremu, nambari ya fremu, na kama ni mpya au mtumba. Neno “original” pekee halimfungi mtu. Jina na modeli humfunga. Kuhusu dhamana, taka maandishi yanayojibu mambo matatu: inadumu muda gani, inahusu sehemu zipi, na nani atalipa nauli ya kipuri. Piga picha ya baiskeli siku ya kuichukua, pamoja na nambari yake. Kasoro ikijitokeza, acha kuiendesha, mwarifu muuzaji kwa maandishi, na usimruhusu fundi mwingine kuifungua kabla muuzaji hajaiona.

Kama unaagiza kutoka nje, omba makadirio ya ushuru na kodi kabla ya kulipa, na uulize kwa maandishi ni nani atakayegharimia kurudisha bidhaa yenye kasoro. Baiskeli iliyopungua bei kwa robo huko itokako huweza kuwa ghali kuliko ya dukani kwako, endapo ufa wake utagundulika baada ya kuvuka bahari.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kutoa fedha, jibu maswali haya kwa kalamu na karatasi. Swali lolote likikosa jibu, ahirisha ununuzi hadi ulipate.

1. Katika safari zangu kumi zilizopita, ngapi zilipita mahali panapohitaji shokapu ya nyuma?
2. Masafa ya shokapu za baiskeli hii ni milimita ngapi, na daraja lake la matumizi ni lipi?
3. Nimeketi, nimesimama na kuiendesha mimi mwenyewe, na inanitosha?
4. Nambari ya milimita ya tairi ni ipi, na tairi hilo linapatikana wapi karibu nami?
5. Breki hutumia mafuta gani, na nani anayauza?
6. Ni fundi gani, wa mji upi, atakayehudumia shokapu baada ya saa 50, na kwa bei gani?
7. Baada ya kulipa, nitabaki na fedha ya kofia, pampu ya shokapu na huduma ya kwanza?
8. Risiti itaandikwa modeli na nambari ya fremu?

Swali la sita ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwenye jibu lake anaweza kununua hata baiskeli ya kawaida na kuifurahia kwa miaka mingi. Asiye na jibu lake, hata akinunua iliyo bora dukani, amenunua msimu mmoja.